Kabla hujawasha kiberiti: namna ya kuivuka hasira bila kufika kwenye kisasi

Mwezi wa nane mwaka juzi moto ulitoka shamba la jirani ukaingia kwangu, ukala mikorosho 11 iliyokuwa imeshaanza kutoa maua. Watu wa Masasi, Ndanda na kule Nachingwea mnaujua mwezi wa nane ulivyo, nyasi zimekauka mpaka zinalia chini ya mguu, kusi linavuma toka asubuhi, mtu mwenye akili zake hachomi shamba saa sita mchana. Yeye alichoma. Mimi nilikuwa upande wa pili napuliza salfa, nikasikia watu wanapiga kelele, kufika nakuta majani yanapukutika meusi na mti mmoja ambao baba yangu aliupanda kwa mkono wake umebaki kigogo kinachofuka moshi.

Naanza na hilo ili ujue anayeandika hapa sio padri wala mchungaji, ni mkulima tu wa korosho ambaye kwa wiki 3 alikuwa anatembea na kiberiti mfukoni na sigara sivuti.

Haya ninayoyaandika ni njia niliyopita mimi mwenyewe, nimeipanga kwa hatua ili mwenye moto kifuani apate pa kushika. Hatua zingine utazimaliza ndani ya dakika tano, kuna moja mimi ilinikalia mwezi mzima, kwahiyo usijilinganishe na mtu. Uwe na Biblia karibu maana mistari nataka uisome mwenyewe usiniamini mimi.

Hatua ya 1: Kubali kwamba umekasirika

Kwetu huku kuna ugonjwa wa kusema "sina neno". Mtu ameudhiwa kweli kweli, shingo imevimba, ukimuuliza anakwambia aah mimi sina neno namwachia Mungu, na anavyosema hivyo meno yamekutana. Huyo hajamwachia Mungu kitu chochote, huyo anapanga.

Soma 2 Samweli 13. Absalomu dada yake Tamari alibakwa na Amnoni, ndugu yao wa baba mmoja, na Biblia inasema Absalomu hakumwambia Amnoni neno la heri wala la shari. Kimya. Miaka 2 mizima kimya, wanakutana, wanasalimiana labda, halafu siku ya sherehe ya kukata manyoya ya kondoo akamwalika akamuua. Kwahiyo usidanganyike kwamba hasira ni kelele, hasira mbaya zaidi ni ile inayokaa inakunywa chai na wewe.

Mungu mwenyewe akikutana na mwenye hasira anaanza na swali. Kaini aliulizwa kwa nini una ghadhabu na kwa nini uso wako umekunjamana, hiyo ni Mwanzo 4, kabla hajamgusa Abeli. Yona naye aliulizwa kama anafanya vema kukasirika, mara 2 kabisa, na ile ya pili akajibu ndio nafanya vema, hata kufa naona sawa. Angalia tofauti: Yona alijibu, tena alijibu vibaya, lakini alijibu na mazungumzo yakaendelea. Kaini hakujibu kitu, akaenda kumwita ndugu yake shambani.

Basi wewe jibu. Kaa chini ya mti, sema kwa sauti: nimekasirika, aliyenikasirisha ni fulani, kitu chenyewe ni hiki. Hasira peke yake sio dhambi, hata Yesu kwenye Marko 3:5 aliwatazama watu kwa hasira ndani ya sinagogi. Paulo kwa Waefeso 4:26 anasema "mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka". Mimi jua lilichwa mara nyingi sana nisikudanganye, lakini angalau siku ya kwanza nilitamka.

Hatua ya 2: Weka panga chini, weka na simu chini

Panga nasema panga kweli, sisi wakulima tunatembea nalo. Kama limo mkononi na hasira imekupanda, liweke chini kwanza au mpe mtoto apeleke nyumbani, halafu ondoka pale. Usianze kuongea na mtu huku umeshika chuma eti mimi naongea tu. Na kama umeshapiga ulaka, ile pombe ya mabibo, usiende kabisa hata kama unaona akili iko sawa, msimu wa mabibo unajua wenyewe ni ugomvi wangapi unaanzia kwenye kibuyu.

Simu nayo ni panga. Sauti uliyorekodi saa mbili usiku kwenye grupu la ukoo ukiwa umechemka, kesho asubuhi imeshafika Dar imeshafika Pemba ya Msumbiji na huwezi kuirudisha. Hata ukifuta watu wameshaisikiliza mara tatu.

Kwenye sheria ya Musa kulikuwa na miji 6 ya makimbilio, soma Hesabu 35. Mtu akimuua mwenzake bila kukusudia anakimbilia kule ili ndugu wa marehemu asimkute mpaka asimame mbele ya kusanyiko ahukumiwe. Mimi zamani nilikuwa naona ile miji ni kwa faida ya mkosaji tu, lakini fikiria yule ndugu aliyefiwa: Mungu alimwekea umbali makusudi, atembee, miguu ichoke, asije akaua mtu ambaye hakustahili. Umbali ni dawa. Mimi siku ile nilipanda pikipiki nikaenda Ndanda nikakaa pale kituoni bila shughuli yoyote mpaka jioni.

Na ukiwa na cheo ndo ujichunge zaidi. Musa, mtu mpole kuliko wote, kule Meriba (Hesabu 20) watu wanamlalamikia maji, ameambiwa auambie mwamba utoe maji, yeye akawatukana watu kwanza kisha akaupiga mwamba mara 2 kwa fimbo. Na maji yakatoka! Hiyo ndo inanitisha mimi, maji yalitoka mengi watu wakanywa na mifugo ikanywa, yani kwa macho ya watu jambo limefanikiwa, ila yeye nchi ya ahadi aliishia kuiangalia kwa mbali toka mlimani. Wapo wazazi, walimu, wenyeviti, wanapiga na maji yanatoka kwahiyo wanaona wako sawa.

Hatua ya 3: Ulizia kabla hujaamini ulichokiamini

Yoshua 22, sura ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Wenzao wakasikia tu, wakakusanyika Shilo kwenda kuwapiga vita, wameshaona hawa wameasi. Ila kabla ya kwenda wakamtuma Finehasi kuhani na wakuu 10 wakaulize. Wakaulizwa, wakajibu: sisi hatujajenga ya kutolea sadaka, tumejenga iwe shahidi, watoto wenu wasije siku moja wakawaambia watoto wetu hamna fungu kwa Bwana kwa sababu mnakaa ng'ambo ya mto. Vita ikafia pale. Maswali ya siku moja yameokoa taifa.

Mimi nilikuwa na uhakika asilimia mia kwamba jirani alichoma makusudi, kwa sababu miaka ya nyuma tulishabishana mpaka. Nikaja kujua baadae sana, kupitia mtu mwingine, kwamba alikuwa amewaweka vijana 2 wachunge ule moto, wale vijana wakaona panya, wakamfuata panya. Unajua tena vijana wa kwetu na panya, kwao ni kitoweo. Wakarudi moto umeshavuka.

Uzembe ni uzembe, miti yangu imeungua vilevile, lakini mzembe na muuaji sio mtu mmoja na huwezi ukawapa adhabu moja.

Hatua ya 4: Hesabu nani atalipa

Hii ndo ile ya mwezi mzima. Na hii ndo ninayotaka uibebe hata kama zingine utaziruka.

Mpango wangu ulikuwa rahisi, nasubiri mwezi wa tisa korosho zake zianze kushika, usiku mmoja wenye upepo kiberiti kimoja, basi, nani atajua, moto si unatokea. Na nilijiona nina haki kabisa. Sasa Jumapili moja nyumbani mtoto wangu anasoma habari za Samsoni kwa ajili ya shule ya Jumapili, anasoma kwa sauti, mimi nimelala mkekani nasikiliza. Waamuzi 15. Samsoni mke wake kapewa mtu mwingine, kakasirika, kakamata mbweha 300, kawafunga mikia wawili wawili, kaweka kienge katikati, kawasha, kawaachia kwenye ngano za Wafilisti. Zikaungua zilizokatwa na zilizosimama na mizeituni pia. Mtoto anacheka kwa sababu ya mbweha. Mimi sicheki.

Endelea kusoma uone. Wafilisti wakauliza nani kafanya hivi, wakaambiwa Samsoni. Hawakwenda kwa Samsoni. Walienda kwa yule mke na baba yake wakawachoma moto. Yule mwanamke ambaye mwanzoni kabisa, sura ya 14, alimsaliti Samsoni kwa sababu walimtishia kumchoma moto na nyumba ya baba yake! Alichokikimbia ndicho kilichompata, na kilichomletea ni mtu aliyedai anamlilia. Halafu Samsoni akalipiza na hiyo, wakaja tena na jeshi mpaka Yuda, watu wa Yuda 3,000 wakaenda kumfunga ndugu yao wenyewe ili wasalimike, akawaambia jinsi walivyonitenda ndivyo nilivyowatenda. Na Wafilisti nao walisema hivyohivyo. Kila mtu pale analipa deni la mwisho, hakuna anayekumbuka la kwanza.

Baada ya hapo nikaanza kusoma visasi vyote vya kwenye Biblia nikiwa na swali moja tu, hapa aliyelipa ni nani. Jamani.

Shekemu, Mwanzo 34: kosa ni la kijana mmoja aliyemharibu Dina. Simeoni na Lawi wakaua wanaume wote wa mji, wakateka wake zao na watoto wao. Mtoto mchanga wa Shekemu alimkosea nini Dina? Na Dina mwenyewe hatusikii aliulizwa anataka nini. Yakobo alikuja kuilaani ile hasira akiwa kitandani anakufa, Mwanzo 49.

Absalomu yeye aliyemuua ni Amnoni, sawa, aliyekosa. Lakini lile jambo halikuishia pale, akakimbilia Geshuri miaka 3, akarudi na moyo umeshaoza, akampindua baba yake, na kwenye vita ya msitu wa Efraimu wakafa watu 20,000 kwa siku moja. Watu 20,000 ambao wengi wao nadhani hata jina la Tamari walikuwa hawalijui.

Na Daudi, 1 Samweli 25, hii ndo ilinivunja. Nabali tajiri wa mji wa Maoni mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000 amemtukana Daudi na kumnyima chakula. Daudi anapanda na watu 400 wenye mapanga, ameapa mpaka asubuhi hataacha mwanaume hata mmoja kwenye nyumba ile. Sasa mstari wa 14 mpaka 17 kuna kijana mmoja mfanyakazi wa Nabali, anaenda kwa Abigaili anamwambia wale watu wa Daudi walikuwa wema sana kwetu, walikuwa ukuta kwetu usiku na mchana tulipokuwa tunachunga. Yule kijana anamsifia Daudi, anamtetea Daudi, na kwa kiapo cha Daudi yule kijana alikuwa afe kabla ya kunakucha.

Chukua daftari. Andika jina la aliyekukosea juu kabisa. Chini yake andika kila mtu atakayeguswa na unachotaka kukifanya. Mimi niliandika hivi: kusi likivuma moto ukitoka kwake unaenda shamba la mama mjane ambaye hana hata mtoto wa kumsaidia kufyeka. Ukimaliza kwa mama mjane unafika shamba la shule. Kwenye shamba la jirani kuna kibanda, wanalala wajukuu wake 2 wanalinda korosho. Binti yake anaenda bweni kidato cha kwanza, godoro na sanduku lake vinasubiri mnada wa kwanza wa korosho. Na mwisho nikaandika kitu ambacho sikutaka kukiandika, kwamba siku mama yangu alipofariki, jirani huyu, ambaye hata dini sio moja, ndiye aliyefika wa kwanza na jembe kuchimba kaburi.

Orodha ilifika watu 14. Mkosaji mmoja.

Hatua ya 5: Chagua nani unamsikiliza

Kila mwenye hasira anazungukwa na washauri, hata hajawaita. Kuna aina 2 na Biblia inazo zote.

Kuna Zereshi mke wa Hamani. Hamani amekasirika kwa sababu Mordekai hamsujudii, karudi nyumbani kawaita marafiki, mke na marafiki wakamwambia tengeneza mti wa mikono 50 kwenda juu umtundike, ndipo ukale karamu kwa raha. Mikono 50 ni zaidi ya mita 20, kwa ajili ya mtu mmoja aliyekataa kuinama! Esta 5:14. Halafu geuza ukurasa tu, 6:13, mambo yamegeuka, wale wale washauri wanamwambia utaanguka mbele yake bila shaka. Wale wale! Wanaokuambia "mwonyeshe kwamba wewe ni mwanaume" ndo hao hao watakaosema "sisi tulijua tu" ukiwa mahabusu, na hakuna hata mmoja atakayekuletea uji.

Na kuna Abigaili. Hakumwambia Daudi kwamba hajakosewa, alikiri kabisa mume wangu ni mpumbavu. Akapakia mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 walioandaliwa, zabibu, tini, akapanda punda akaenda kumkuta njiani. Na akamwambia jambo moja zito, kwamba siku ukiwa mfalme usiwe na hili la kukukwaza moyoni, kwamba ulimwaga damu bure. Yani alimtoa kwenye leo akampeleka kwenye miaka ijayo.

Mimi Abigaili wangu alikuwa mama watoto. Alikikuta kile kiberiti wakati anafua suruali. Hakupiga kelele, alikiweka mezani tukiwa tunakula ming'oko akaniuliza, "Baba watoto, huo moto ukishavuka, utauambia uishie wapi?" Sikujibu. Kiberiti akakirudisha jikoni.

Kama huna mtu wa hivyo nyumbani, mtafute mtani. Watu wa kusini tumebarikiwa utani na tunauacha ufe. Mtani wangu alinikuta nimekunja uso kilabuni akaniambia mbele za watu kwamba nimenuna kama mtu aliyeoa mikorosho, mke mkubwa kaungua, tumpe siku ngapi za eda. Nilicheka bila kutaka. Padri hawezi kukuambia hivyo, mtani anaweza na huruhusiwi kukasirika.

Hatua ya 6: Mwambie Mungu bila kupamba

Fupi. Soma Zaburi 109 na 137, zile ambazo hazisomwi harusini. Watu wa Mungu walimwambia mambo makali hata kuyatamka yanaogopesha, na Mungu akayaacha yaandikwe. Sema unachotamani kimpate. Ukishakisema kwa Mungu kimefika kwa mwenye mamlaka ya kukikataa. Warumi 12:19 imeandikwa "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa". Kama ni juu yake basi mpe, usimpe nusu ukabaki na nusu mfukoni.

Hatua ya 7: Dai haki yako, haki sio kisasi

Hapa ndipo wahubiri wengi wanaturuka. Wanaishia kwenye samehe samehe, mtu anatoka kanisani anajua kusamehe ni kuacha kila kitu, na hawezi, basi anaona bora kisasi. Kwa Kiswahili chetu kulipa na kulipiza yamepishana silabi moja tu lakini ni njia 2 tofauti.

Kutoka 22:6. Nilipouona ule mstari nilisimama. Unasema moto ukitoka na kushika miiba, ukateketeza nafaka au shamba la mtu, aliyewasha moto lazima alipe. Kesi yangu mimi, na moto wangu, imeandikwa! Na haikusema mwenye shamba naye akawashe. Hata ile jicho kwa jicho watu wanaisoma kama ruhusa wakati ni mpaka, jicho likitoka usichukue kichwa, tena inaamuliwa na waamuzi sio na wewe usiku.

Utaratibu wa Yesu uko Mathayo 18:15, mwendee wewe na yeye mkiwa peke yenu, asiposikia chukua mmoja au wawili, asiposikia ndo likaenda kwa kusanyiko. Sisi tunaanza na kusanyiko, tena la mtandaoni. Kwa mambo ya mashamba huku kwetu fanya hivi: piga picha siku ileile kabla mvua haijafuta kitu, mwite bwana shamba aje ahesabu miti na aandike, mwenyekiti wa kitongoji awepo, na mashahidi wa pande zote 2. Halafu ndo umwendee. Mkishindwana kuna serikali ya kijiji, kuna baraza, kuna mahakama, na kwenda huko sio kukosa imani. Paulo Mtume alipoona anaonewa alikata rufaa kwa Kaisari, Matendo 25:11, na kule Filipi walipotaka kumtoa gerezani kimyakimya alikataa, akasema waje wenyewe watutoe.

Nyongeza moja na usiichanganye na hayo ya juu. Kama kosa ni mtoto kaharibiwa, mwanamke kapigwa au kabakwa, mtu kajeruhiwa, hilo halimalizwi kwa mbuzi na kikao cha ukoo. Nenda polisi wakupe PF3, ile fomu ya kupeleka hospitali, nenda hospitali, kuna dawati la jinsia na watoto. Rudi kwa Tamari uone: mfalme Daudi aliposikia alikasirika sana, imeandikwa hivyo, 2 Samweli 13:21, na baada ya hapo hakufanya kitu. Baba, mfalme, hakimu mkuu wa nchi, amekasirika na amekaa. Mimi naona panga la Absalomu lilinolewa kwenye ule ukimya. Wazee wa ukoo mnaozima kesi za mabinti ili kulinda jina mnafuga kisasi, na siku kikitoka hakitachagua.

Mimi nilimwendea jirani jioni baada ya swala yake. Nilikuwa nimejiandaa maneno makali lakini nilianza na "hodi mzee, shikamoo" na ile shikamoo ikanitoa nguvu kidogo, Mithali 15:1 inasema jawabu la upole hugeuza hasira, ila haikusema shikamoo nayo inafanya kazi. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema alikuwa ananisubiri toka siku ile na alikuwa anaogopa kuja. Tukakubaliana mbele ya mwenyekiti: msimu ule apeleke magunia 2 ya korosho ghala la chama cha ushirika kwa jina langu, mvua zikianza alete miche 11 ya korosho ya kituo cha utafiti cha Naliendele aipande mwenyewe.

Hatua ya 8: Mpe chakula

2 Wafalme 6. Jeshi la Shamu, yani Siria, lilitumwa kumkamata Elisha, likapigwa upofu, Elisha akalichukua akaliingiza mpaka katikati ya Samaria. Mfalme wa Israeli anauliza kama mtoto, baba niwapige? Niwapige? Elisha anasema waandalie mkate na maji wale wanywe waende kwa bwana wao. Wakaandaliwa karamu kubwa. Na sura ile inasema vikosi vya Shamu havikuja tena katika nchi ya Israeli. Vita zilikuja baadae za aina nyingine, kwahiyo sikuahidi muujiza, ila kulikuwa na uvamizi ambao ulikomeshwa na ubwabwa.

Usisubiri moyo ulainike ndo ufanye. Kutoka 23:4-5 inasema ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea umrudishie, punda wa anayekuchukia akilemewa na mzigo umsaidie. Haisemi mpende kwanza. Inasema shika kamba. Mimi binti yake alipokuwa anaenda bweni niliwapeleka stendi na pikipiki mpaka Masasi, yeye na sanduku lake. Moyoni bado nilikuwa nauma, nisikufiche, lakini mikono ilikuwa inafunga sanduku.

Hatua ya 9: Jiandae, itarudi

Kuna mtu Mwanzo 4 anaitwa Lameki, aliwaimbia wake zake kwamba Kaini akilipiwa mara 7, yeye atalipiwa mara 77. Na Petro alipomuuliza Yesu nimsamehe ndugu yangu mara ngapi, hata mara 7? akajibiwa hata saba mara sabini. Ukiziweka pamoja utaona Yesu alikuwa anajua ule wimbo.

Kwanini mara nyingi hivyo kama kosa ni moja? Kwa sababu hasira inarudi kwa msimu kama korosho. Mimi kila mwezi wa nane harufu ya nyasi zinazoungua ikinifika puani natafuta mfukoni bila kujua. Yusufu alimpa mtoto wake jina Manase akisema Mungu amenisahaulisha taabu yangu yote, na ndugu zake walipokuja Misri alikwenda chumbani akalia, kwahiyo alikuwa hajasahau. Ikirudi anza tena hatua ya 1, haraka zaidi, hutumii mwezi tena.

Mwaka huu kabla hajachoma alikuja kunibishia hodi saa kumi na moja alfajiri, tukafyeka mpaka pamoja upana wa hatua kama 10 mimi na yeye na wale vijana 2 wa panya, ambao niliwapa ndoo za maji na nikawaambia leo hata akipita nguruwe hamtoki hapa. Tulibishana sana kuhusu jiwe la mpaka, bado anasema liko kwake. Miche 9 imeshika. Miwili ilikauka na nimemwambia ananidai... hapana, mimi namdai miwili, akasema mvua zikianza.